Dago (kambi ya wavuvi)

Dago (wingi: madago) ni kambi ya muda ambayo wavuvi wa pwani ya Afrika Mashariki huipiga mbali na kijiji chao ili kufuata samaki kwa siku kadhaa, wiki au miezi. Neno hilo hutumika zaidi katika visiwa vya Pemba na Unguja na katika baadhi ya sehemu za pwani ya Kenya. Mvuvi aliyesafiri kwa namna hiyo husemwa amekwenda dago, na muda wote anaokaa huko husemwa yuko dago, hata kama analala chini ya tanga la chombo chake bila ya kibanda chochote.

Kisiwa cha Pemba ndicho kinachojulikana zaidi kwa desturi hii. Wanaotajwa mara nyingi ni watu wa Kojani, kisiwa kidogo kilicho upande wa mashariki wa Pemba katika Wilaya ya Wete, lakini dago linafahamika katika vijiji vyote vya pwani hiyo, pamoja na Vitongoji katika Wilaya ya Chake Chake. Dago ni kazi ya kutafuta riziki na kwa asili ni kazi ya wanaume. Hata hivyo linagusa familia nzima: wake wanaobaki nyumbani au wanaofuatana na waume zao, watoto wanaokatisha masomo, na watu waliozaliwa ng'ambo wakaishi miaka mingi bila ya kitambulisho cha nchi yoyote.

Maana ya neno

Dago lina maana mbili zinazokaribiana. Kwanza ni mahali penyewe: ufukwe, kisiwa kidogo au kichaka cha karibu na bahari ambapo wavuvi wameweka vyombo, nyavu, maji na jiko. Pili ni safari na maisha ya huko, kama inavyosemwa "msimu wa dago" au "wavuvi wa dago". Katika maana hii ya pili neno hutofautisha mvuvi mgeni na mwenyeji. Mwenyeji huvua na kurudi kwake kila siku. Mvuvi wa dago analala ugenini.

Dago linatofautiana pia na bandari au diko. Diko ni mahali pa kudumu pa kushushia na kuuzia samaki, na huwa na watu mwaka mzima. Dago huvunjwa msimu unapokwisha. Makuti huachwa au huchomwa, na vitu vya thamani hurudi katika chombo.

Dago na kambi za aina nyingine

Wakaazi wa Pemba wanazijua kambi nyingine za muda. Wakati wa mavuno ya karafuu wachumaji, mara nyingine pamoja na familia zao, huhamia katika mashamba yaliyo mbali na kuishi humo mpaka zao limalizike kuchumwa na kuanikwa. Katika mabonde ya mpunga hujengwa dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, ambamo mlinzi hukaa kuwafukuza ndege na kima. Dago ni la ukoo huo: watu wanaifuata kazi mahali ilipo, na kambi inakwisha pamoja na kazi.

Kambi za mapumziko ni jambo jingine. Familia hulipia uwanja, hupiga hema na kukaa siku chache kwa ajili ya kustarehe. Pemba haina milima mirefu wala maziwa ya milimani, lakini bara kambi za namna hiyo zinapatikana kando ya maziwa ya nyanda za juu, kama Ziwa Naivasha nchini Kenya, lililo katika Bonde la Ufa kwenye kimo cha takriban mita 1,880 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Bunyonyi karibu na Kabale nchini Uganda, na Ziwa Duluti, ziwa la kreta lililo chini ya Mlima Meru karibu na Arusha. Katika Naivasha viboko hutoka majini usiku kula majani, kwa hiyo wenye kambi huweka uzio, na watoto hawaachwi karibu na maji baada ya jua kutua.

Tofauti kubwa iko kwa mwenye kambi. Katika kambi ya mapumziko kuna mwenyeji anayeuza huduma: maji, choo, ulinzi na kuni. Katika dago wavuvi wenyewe ndio hutafuta hayo yote, na wanaomba kwa wenyeji ruhusa ya kukaa.

Mazingira ya pwani ya mashariki

Vitongoji iko mashariki ya mji wa Chake Chake, katika Mkoa wa Kusini Pemba. Upande wa magharibi wa kisiwa una vilima, mabonde na udongo mzito unaofaa kwa karafuu. Upande wa mashariki una ardhi ya maweni, yaani mawe ya matumbawe yenye udongo mchache, na pwani yake ina majabali yenye fukwe ndogo za mchanga katikati. Kwa sababu hiyo watu wengi wa upande huu huchanganya kilimo kidogo, mifugo na bahari.

Pwani hiyo inatazama Bahari ya Hindi bila ya kizuizi. Upepo wa kusi unapovuma kwa nguvu, mawimbi huvunjika juu ya mwamba na vyombo vidogo havithubutu kutoka nje. Upande wa magharibi, kwenye mkondo wa Pemba unaotenganisha kisiwa na bara, kuna hori na visiwa vidogo vinavyokinga upepo. Mvuvi wa mashariki anayetaka kuendelea na kazi msimu mzima hulazimika kuhama, na hapo ndipo dago linapoanza.

Majira

Safari za dago hupangwa kwa kufuata pepo mbili kuu. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Disemba mpaka Machi, na bahari huwa shwari zaidi. Kusi huvuma kwa nguvu takriban kuanzia Mei mpaka Septemba. Kati ya pepo hizo kuna vipindi ambapo upepo ni mchache. Safari ndefu za kwenda pwani ya Kenya hufanywa zaidi katika majira ya kaskazi, na wengi hurudi kabla ya mvua za masika na kusi kushika.

Ndani ya msimu kuna mpango mwingine unaofuata mwezi. Wavuvi wa dagaa na vibua hutumia taa usiku kuwavuta samaki, na taa hufanya kazi vizuri zaidi katika giza. Mbalamwezi inapokuwa kubwa kazi hupungua au husimama. Siku hizo hutumika kushona nyavu, kukarabati chombo, na kwa madago ya karibu, kwenda nyumbani kuona familia. Wavuvi wa mwambani, wa madema na wa pweza huangalia zaidi maji: bamvua, ambapo maji hujaa na kutoka sana, na maji mafu, ambapo tofauti ni ndogo.

Mwezi wa Ramadhani nao huingia katika hesabu. Wengi hupenda kufunga na kula sikukuu nyumbani. Kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa jua kwa siku 11 hivi, Ramadhani huzunguka katika majira yote. Ikiangukia katika kaskazi hukata msimu mzuri wa bahari, na ikiangukia katika kusi hasara yake huwa ndogo.

Mahali na makazi

Mahali pa kupiga dago huchaguliwa kwa kuangalia mambo manne: kina na kinga ya kuegesha chombo, maji ya kunywa, kuni, na umbali wa soko. Maji ndiyo yanayoamua mara nyingi. Visiwa vingi vidogo havina kisima, hivyo maji huchukuliwa katika madumu na hugawanywa kwa hesabu.

Makazi ni mepesi. Kuna wanaolala chomboni, wanaofunga tanga au turubai juu ya miti, na wanaojenga banda la makuti pale dago linapotarajiwa kukaa miezi. Vitu vya kawaida vinavyochukuliwa ni hivi:

- nyavu, mishipi, ndoana, uzi wa kushonea na vyombo vya kukarabatia chombo;
- mchele, unga, sukari, chumvi, mafuta na nazi;
- masufuria, madumu ya maji, mafuta ya taa au betri za taa;
- mikeka, vyandarua na nguo za kubadilisha;
- chumvi ya ziada kwa ajili ya kuhifadhi samaki.

Kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, ni mfano wa dago la miaka mingi. Wavuvi wa sehemu mbalimbali za Pemba wamekuwa wakilala huko kwa ajili ya miamba yake yenye samaki wengi. Kwa mujibu wa simulizi ya wenyeji, Nabii Khidhri alifika hapo akaomba msala wa kusalia, na ulipokosekana akasema kisiwa chenyewe ni mfano wa msala, ndipo jina likatokea. Mwaka 1998 Misali ilifanywa eneo la hifadhi, na mwaka 2005 ikaingizwa katika Eneo la Hifadhi la Mkondo wa Pemba, linalojulikana kwa kifupi PECCA. Kasa hutaga mayai katika fukwe zake, kwa hiyo moto, taa na vibanda vya ufukweni ni mambo yanayohitaji kuwekewa utaratibu.

Kazi na mgao

Chombo cha dago huongozwa na nahodha, ambaye ndiye mwenye amri baharini na kambini. Chini yake wako mabaharia. Chombo na nyavu vinaweza kuwa mali ya nahodha au ya tajiri aliyebaki nyumbani. Vyombo vinavyotumika ni ngalawa, mitumbwi, mashua na maboti ya mashine, kulingana na umbali na aina ya uvuvi.

Mapato hugawanywa baada ya kutoa gharama za chakula, mafuta na chumvi. Kinachobaki hugawanywa mafungu: fungu la chombo, fungu la nyavu, na mafungu ya mabaharia. Viwango hutofautiana kati ya kijiji na kijiji na kati ya aina ya nyavu na nyingine, lakini msingi ni kwamba hakuna mshahara. Bahari ikinyima, baharia hurudi mikono mitupu, na pengine na deni la chakula alichokula.

Samaki wa kuuzwa karibu huuzwa wabichi. Pasipo na barafu wala soko la karibu, samaki hupasuliwa, hutiwa chumvi na kuanikwa wakawa ng'onda. Papa na taa huhifadhiwa hivyo hivyo, na pweza hukaushwa. Dagaa huchemshwa katika maji ya chumvi na kuanikwa juani. Ng'onda na dagaa wakavu hustahimili safari, na ndiyo sababu dago liliwezekana hata zama ambazo hapakuwa na mashine za boti wala majokofu.

Familia

Kwa kawaida mke wa mvuvi wa dago hubaki kijijini, na mzigo wa nyumba humwelemea yeye. Hulima, hulea, hukopa dukani kwa matarajio ya fedha za dago, na huamua mambo ambayo kwa kawaida yangeamuliwa na watu wawili. Kabla ya simu za mkononi habari zilikuja kwa mdomo kupitia vyombo vilivyorudi. Siku hizi fedha hutumwa kwa simu, na mume anaweza kuulizwa jambo siku hiyo hiyo.

Katika madago ya muda mrefu wake hufuatana na waume zao au huwafuata baadaye. Dago lenye familia hubadilika mara moja. Banda la makuti hugawanywa vyumba, jiko hutengwa, choo huchimbwa, na biashara ndogo ndogo huanza: kukaanga samaki, kuanika dagaa, kuuza chai na maandazi. Mapato ya kambi huongezeka, kwa sababu samaki ambao wangeuzwa kwa bei ya chini huongezewa thamani hapo hapo. Lakini familia ikishahama, sababu ya kurudi nyumbani kila msimu hupungua. Madago mengi yaliyogeuka vijiji yaligeuka kwa njia hii.

Watoto na skuli

Mvulana wa kijiji cha wavuvi hujifunza bahari kwa kufuatana na wakubwa. Huanza kwa kumwaga maji chomboni, kupika na kutazama nyavu, kisha hupewa kasia au mshipi. Ujuzi huo wa nyota, mikondo, miamba na tabia za samaki hauandikwi popote, na dago ndilo darasa lake kuu.

Ugumu hutokea pale majira ya dago yanapogongana na muhula. Mtoto anayeondoka wiki sita katikati ya mwaka hukuta darasa limemuacha, na wengi wa aina hiyo hawarudi tena. Utoro wa msimu, wa dago na wa karafuu, ni tatizo linalojulikana na walimu wa Pemba. Anayeathirika hasa ni mvulana wa madarasa ya juu ya msingi na ya mwanzo ya sekondari, kwa kuwa umri huo ndio anaoanza kuwa na nguvu za kuvuta nyavu na kuleta fungu nyumbani.

Watoto wanaochukuliwa na wazazi wote wawili wana tatizo la namna nyingine. Skuli ya ugenini huuliza barua ya uhamisho na cheti cha kuzaliwa, na dago linaweza kuvunjwa kabla ya mtihani. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2011, inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18, inampa haki ya elimu na inakataza ajira inayomdhuru. Njia zinazofanya kazi katika ngazi ya kijiji ni nyepesi zaidi kuliko mahakama: sheha, kamati ya skuli na manahodha kukubaliana kwamba mtoto wa skuli hapakiwi chomboni ila wakati wa likizo, familia kumuacha mtoto kwa bibi, shangazi au mjomba, na mwalimu kuwajua mapema wanaokusudia kuondoka, ili wapewe barua kabla chombo hakijang'oa nanga.

Wanyama

Dago halina desturi ya kuchukua wanyama kwa ajili ya mapenzi tu. Paka hukubalika kuliko mnyama mwingine yeyote, kwa sababu mbili. Panya hutafuna nyavu, magunia ya mchele na ng'onda, na paka hupunguza hasara hiyo. Aidha, katika mafundisho ya Uislamu, dini ya wakaazi wengi wa Pemba, paka si najisi, na huruhusiwa kuzunguka penye vyombo na mikeka ya kusalia. Mate ya mbwa ni najisi katika madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na wengi pwani, kwa hiyo mbwa hafugwi ndani ya nyumba wala kambini, ingawa wapo wanaomfuga kwa kulinda mashamba na kuwinda. Familia zinazokaa muda mrefu hufuga kuku wachache. Samaki wanaoanikwa hulindwa dhidi ya kuku hao, na dhidi ya kunguru na paka pia.

Kumsafirisha mnyama kwa bahari kuna hatari inayozidi kambi moja. Kichaa cha mbwa ni mfano uliochunguzwa Pemba kwenyewe. Kampeni za kuchanja mbwa zilianza kisiwani mwaka 2010, na ugonjwa ukatoweka. Baadaye uliingia tena kutoka nje ya kisiwa, ukadhibitiwa tena kwa chanjo. Kisiwa kinaweza kusafishwa ugonjwa huo, na chombo kimoja chenye mbwa mgonjwa kinaweza kuurudisha. Mtu aliyeng'atwa anatakiwa kuosha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 na kwenda kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa chanjo. Ugonjwa ukishaonesha dalili hauna tiba.

Hofu ya aina hiyo ndiyo inayofanya hifadhi za taifa za Tanzania na Kenya zisiruhusu mbwa na paka wa wageni katika kambi zao. Mwaka 1994 virusi vya distempa, ambavyo ni vya jamii ya mbwa, viliua takriban thuluthi moja ya simba wa Serengeti. Kambi za watu binafsi zilizo nje ya hifadhi, kama baadhi ya zile za kando ya maziwa, hujiwekea masharti yao, na mwenye mnyama huuliza kabla ya kufika.

Afya na usalama

Hatari za dago ni za namna mbili: za bahari na za kambi. Za bahari ni upepo wa ghafla, mashine kuzimika, na kupotea usiku. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa upepo na mawimbi, na redio na simu huufikisha utabiri huo mpaka kambini. Jaketi la kuokolea bado halivaliwi na wengi.

Za kambi ni maji machafu, ukosefu wa vyoo na malaria. Kambi yenye watu wengi na isiyo na choo ni mahali ambapo kipindupindu huenea upesi, na mvuvi anayesafiri huweza kukihamisha kutoka pwani moja mpaka nyingine. Kuchemsha au kutia dawa maji ya kunywa, kuchimba choo mbali na kisima na kulala ndani ya chandarua ni hatua zisizohitaji fedha nyingi. Jambo gumu zaidi ni huduma ya mama mjamzito na chanjo za watoto wachanga, kwa kuwa kadi na kumbukumbu hubaki katika kituo cha nyumbani.

Wenyeji na wageni

Bahari haina ukuta, lakini kila ufukwe una wenyewe. Kwa desturi, nahodha anayefika hujitambulisha kwa wazee wa mahali na kuonyeshwa pa kuegesha, pa kuteka maji na mahali asipotakiwa kuvua. Wenyeji hupewa kitoweo au ada.

Desturi hiyo sasa imeungana na sheria. Zanzibar ina Sheria ya Uvuvi Namba 7 ya mwaka 2010 na kamati za wavuvi katika shehia. Mgeni hutakiwa kujitambulisha kwa sheha na kwa kamati, kwa kawaida kwa barua kutoka kwao. Uvuvi si jambo la Muungano, kwa hiyo Mpemba anayekwenda Tanga au Mafia anaingia chini ya sheria za uvuvi za Tanzania Bara ingawa hajatoka nchini. Kenya ina vikundi vya usimamizi wa fukwe vilivyowekewa kanuni mwaka 2007, na huko mgeni huhitaji leseni pamoja na hati za kuingilia nchini.

Ugomvi hutokea zaidi juu ya vifaa. Wavuvi wa dago wanaokuja na nyavu kubwa za kuzungushia au juya huweza kuvua kwa siku moja kiasi ambacho mwenyeji wa dema na mshipi hukipata kwa muda mrefu. Mgeni huondoka, na mwenyeji hubaki na mwamba uliokwanguliwa. Kwa upande wao wavuvi wa dago husema kwamba hutozwa ada mara mbili na hulaumiwa kwa uharibifu unaofanywa na wote. Mahali ambapo kijiji hufunga mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kama ilivyofanywa Kisiwa Panza kusini ya Pemba, makubaliano na wageni ni ya lazima, kwa sababu chombo kimoja kinaweza kuvuna katika usiku mmoja kile ambacho kijiji kizima kimekisubiri.

Dago lililogeuka makazi: Wapemba wa Kenya

Njia ya dago kutoka Pemba mpaka Vanga, Shimoni, Kilifi, Malindi na Lamu ilikuwapo kabla ya mipaka ya sasa. Wakati visiwa vya Zanzibar na ukanda wa pwani ya Kenya vilikuwa chini ya himaya moja ya kisultani, na baadaye chini ya utawala wa Waingereza, mvuvi alihama bila ya kuulizwa hati. Wengine waliowa huko, wakajenga na kuzaa. Baada ya uhuru wa Kenya wa mwaka 1963 na Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, watu waliokuwa dago, na wengine waliovuka wakati huo, walijikuta upande wa pili wa mpaka. Baada ya ghasia za Januari 2001, watu zaidi ya 2,000 walivuka kutoka Pemba kwenda Shimoni, wakifuata njia ile ile ya bahari.

Kwa waliobaki Kenya, tatizo kubwa lilikuwa karatasi. Zanzibar hawakuwa na kumbukumbu zao, na Kenya haikuwahesabu miongoni mwa makabila yake. Asiye na kitambulisho hakupata leseni ya uvuvi, hakuweza kufungua akaunti ya benki wala kusajili laini ya simu kwa jina lake, na mtoto wake alifika mtihani wa taifa akaulizwa cheti cha kuzaliwa. Mvuvi aliyezaliwa Kenya na baba aliyezaliwa Kenya aliendelea kuchukuliwa kuwa mtu wa dago.

Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya mwaka 2011 ilifungua njia kwa watu wasio na uraia walioishi nchini humo tangu uhuru, pamoja na vizazi vyao. Wamakonde walianza kutambuliwa mwaka 2016. Wapemba walitambuliwa mwaka 2023, na mwezi Julai mwaka huo Rais William Ruto aliwakabidhi vitambulisho katika hafla iliyofanyika Kilifi.

Hali ya sasa

Dago linaendelea, lakini nafasi yake inapungua. Fukwe zilizokuwa wazi zimejengwa hoteli au zimeuzwa, na wavuvi hulazimika kusogea penye mawe au mbali na maji. Maeneo ya hifadhi yana kanda ambazo hazivuliwi kabisa. Samaki wa mwambani wamepungua, na mashine za boti zimewawezesha wengine kufika mbali na kurudi siku hiyo hiyo bila ya kulala. Bei ya mafuta nayo huwarudisha wengine katika dago, kwa sababu kulala karibu na samaki ni rahisi kuliko kwenda na kurudi.

Katika vijiji kama Vitongoji, kijana aliyemaliza skuli bila ya kazi bado huliona dago kuwa mlango ulio wazi: halihitaji cheti, na mtaji wake ni mikono na mtu wa kumpakia. Kwa upande wa serikali na kamati za wavuvi, kazi iliyobaki ni kuandikisha madago na watu wake kabla msimu haujaanza, ili nahodha ajulikane, mtoto asipotee katika daftari la skuli, na familia itakayokawia kurudi iwe na karatasi zinazoonyesha ilikotoka.